Sweta Lililokwisha Ndilo Sweta

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu kwa wajumbe wa vikundi vya kufuma kutoka Njombe na Makambako, katika sherehe za kutimiza miaka kumi)





Wenzangu walionitangulia wamekwisha eleza kwa ufasaha habari za viazi, mahindi, chai, maparachichi na mbao, nami sina neno la kuongeza juu ya hayo. Mwenyekiti ameniagiza niseme juu ya kazi ambayo haipimwi katika mizani ya ghala letu, lakini huingiza shilingi katika nyumba nyingi za wanachama. Nayo ni kazi ya kufuma masweta. Na katika kazi hiyo nataka kusema juu ya desturi moja tu, yaani desturi ya kuanza sweta la pili, la tatu na la nne ilhali la kwanza halijakwisha.

Pengine mgeni atokaye pwani atastaajabu kusikia Katibu wa chama cha wakulima akisimama siku ya sikukuu kuzungumza juu ya sindano na uzi. Mwenyeji hatastaajabu. Mji wa Njombe uko juu, karibu meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti zipo asubuhi ambazo umande huganda ukawa barafu juu ya majani ya viazi. Makambako iko chini kidogo, lakini upepo wake wajulikana na kila abiria aliyepata kuteremka pale usiku kubadili gari. Kwetu sisi sweta ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo. Mtoto aendaye shule alfajiri bila sweta hufika vidole vyake vikiwa vimekufa ganzi, wala hawezi kushika kalamu mpaka jua lipande.

Ndiyo maana akina mama wetu hufuma. Hufuma wakisubiri mnunuzi wa viazi, hufuma wakilinda biashara zao kando ya barabara, hufuma katika mikutano yetu, na hata sasa naona sindano zinakwenda katika safu ya tatu pale. Tafadhali msiziweke chini. Masikio hayafumi, na mikono haisikilizi.

Basi natuangalie ndani ya kikapu cha mfumaji. Mara nyingi tutakuta mgongo wa sweta la bluu, kifua cha sweta la kijani, mkono mmoja wa sweta jekundu, kofia ya mtoto mchanga isiyofungwa juu, na bonge jipya la uzi wa njano lililonunuliwa juzi. Kazi tano, na nguo hata moja haiwezi kuvaliwa. Kabla ya kumlaumu mwenye kikapu, yatupasa kuuliza sababu, maana hakuna mtu mwenye akili atakayeacha kazi yake njiani bila sababu.

Sababu ya kwanza ni uchovu wa sehemu zisizopendeza. Mgongo huanza kwa furaha na kifua huja na nakshi yake. Lakini mikono ni miwili, na mkono wa pili ni sawasawa na wa kwanza, hauna jipya. Wengi huishia hapo. Sababu ya pili ni uzi kwisha dukani kabla kazi haijatimia, ikambidi mfumaji ashike jingine ili mikono isilale. Sababu ya tatu ni ule uchu wa kujaribu nakshi mpya iliyoonekana kwa jirani.

Lakini sababu ya nne ndiyo kubwa, nayo ni fedha. Mteja akija na malipo ya kutanguliza, ambayo wazee wetu huyaita arabuni, ni vigumu kumwambia arudi mwezi ujao. Nyumbani yapo mahitaji ya chumvi, sabuni na daftari. Arabuni inapokelewa, vitanzi kumi vya kwanza vinafumwa mbele ya mteja ili aone kazi imeanza, naye aondoka ameridhika. Kesho yake aja mwingine. Kwa njia hii sweta lililoanzwa hugeuka kuwa hati ya mkopo, na mfumaji mwenye masweta matano kikapuni ni mtu mwenye wadai watano, ijapokuwa yeye mwenyewe hajioni hivyo.

Natoa mfano wa kikundi kimoja ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa wanachama wake ni watu wa bidii na wengine wao wamo humu ndani. Kikundi hicho kilipokea mwezi Septemba agizo la masweta ya shule, yatakiwayo Januari shule zifunguapo. Mwezi Oktoba ikaja shule ya pili, yenye rangi yake, ikatoa arabuni, nacho kikapokea. Kisha ikaja ya tatu. Hesabu ilionekana njema, kwa sababu Septemba na Oktoba jioni huwa na nafasi. Lakini wakulima wote mnajua lijalo Novemba. Mvua zilinyesha, na jembe likaichukua mikono ile ile iliyokuwa ikishika sindano. Arabuni nayo ilikwisha nunua mbolea ya mahindi.

Siku shule zilipofunguliwa, kikundi kilikuwa na migongo na vifua vya rangi tatu, na mikono haba. Shule moja ilipata masweta yake kwa kuchelewa. Mbili zilinunua masweta ya mashine dukani na kudai fedha zao. Wanakikundi walilipa kwa viazi vya msimu uliofuata. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekuwa mvivu, na uzi wote ulikuwapo. Lakini baadhi ya watoto walikwenda shule Januari ile wakijifunika kanga za mama zao. Huo ndio ubaya wa jambo hili: hasara yaweza kuja bila mkosaji.

Wapo wasemao kwamba kufuma masweta mengi kwa pamoja huharakisha kazi, kwa maana kila siku kila mteja aona lake limesogea. Natuifanye hesabu. Tuseme mfumaji ana masweta 4, na kila moja lataka jioni 10. Akifuma moja baada ya jingine, la kwanza litakwisha jioni ya 10, la pili jioni ya 20, la tatu ya 30, na la nne ya 40. Akiyafuma kwa zamu, leo hili na kesho lile, la kwanza litakwisha jioni ya 37, la pili ya 38, la tatu ya 39, na la nne ya 40. Mteja wa nne hakupata faida hata ya siku moja. Mteja wa kwanza amecheleweshwa jioni 27, wa pili 18, na wa tatu 9. Tena mfumaji mwenyewe, ambaye angepokea salio la sweta la kwanza jioni ya 10, amekaa zaidi ya mwezi bila senti.

Na hiyo ni hesabu ya mtu asiyepoteza muda. Kila mara mfumaji aokotapo kazi iliyolala, hana budi kuhesabu upya vitanzi, kutafuta amefika mstari wa ngapi, na kukumbuka nakshi. Tuseme yamchukua robo saa katika jioni ya saa mbili. Robo saa ni sehemu ya nane ya saa mbili. Kwa hiyo katika jioni 40 zimepotea jioni 5, ambazo ni nusu ya sweta zima. Nusu ya sweta imefumwa hewani.

Licha ya wakati, kazi yenyewe huharibika. Wafumaji wanijuza kwamba mkono wa mtu haukazi uzi namna moja siku zote. Mgongo uliofumwa Juni kwa mkono mkali na kifua kilichofumwa Septemba kwa mkono mlegevu havilingani upana, hata kama vitanzi ni idadi moja. Sindano za chuma zikiachwa ndani ya kazi mahali penye unyevu huota kutu, na kutu huacha alama katika uzi. Panya hupenda kuzaa katika kikapu kisichoguswa. Uzi nao una siri yake: kila bonge lina kikaratasi chenye namba ya rangi na namba ya mara iliyotiwa rangi kiwandani. Mabonge mawili ya bluu ile ile yaliyotiwa rangi siku mbalimbali hayafanani yakiwekwa pamoja juani. Aliyenunua mabonge matatu Machi akiwa na nia ya kununua mengine mawili Agosti, huenda asiipate tena bluu ile, na sweta likatoka na mikono isiyofanana na kiwiliwili.

Tena kuna jambo lisilorekebishika kwa uzi wala sindano: mtoto hukua. Aliyepimwa Julai si yule atakayevaa Januari. Sweta likikaa kikapuni miezi sita, mwenye sweta amelihama.

Hata hivyo, Ndugu zangu, sitaki mseme kwamba Katibu amekataza mtu kuwa na kazi mbili. Ingekuwa kosa, maana wafumaji wetu bora wote huwa na kazi mbili, na wana sababu njema. Moja ni kazi ya mikono: sehemu nyepesi isiyo na nakshi, inayofumwa sokoni, garini na mkutanoni huku macho yakitazama kwingine. Ya pili ni kazi ya kichwa: shingo, nakshi, au kuunganisha vipande, ambayo hutaka mwanga, meza na ukimya. Kazi hizi hazigombani, kwa sababu kila moja ina wakati wake ambao nyingine haiwezi kuutumia. Ukiipeleka nakshi sokoni utakosea hesabu, na ukiufuma mgongo mtupu saa yako ya utulivu umeipoteza saa hiyo. Lakini kazi ya tatu huiba wakati wa mojawapo ya hizo mbili. Mshika mbili moja humponyoka, wasema wahenga. Mshika mbili mwenye kuzipangia nyakati aweza kuzishika, bali mshika tano hana mkono wa kuzishikia.

Wenzetu wa Makambako wanayo mbele ya macho yao kazi kubwa iliyofanywa kwa mpango huo. Reli ya TAZARA ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilianza kujengwa mwaka 1970, nayo njia yote ikawa imetandikwa mwaka 1975, ijapokuwa sehemu ya kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako ilikuwa ngumu mno kwa milima, madaraja na mahandaki yake. Reli ilitandikwa ikitoka pwani kwenda bara, na kipande kilichokwisha ndicho kilichobeba vyuma na mataruma ya kipande kilichofuata. Lau wangalitandika kilometa moja hapa na moja kule katika kila wilaya, ili kila wilaya ifurahi kuona kazi imeanza, wangalikuwa na vyuma vingi ardhini bila garimoshi kupita. Sweta lililokwisha ni kama kipande kile cha reli: salio lake hununua uzi wa sweta lijalo.

Historia ya ushirika nayo yatufundisha vivyo hivyo. Wale watu 28 wa Rochdale, nchini Uingereza, ambao ulimwengu huwataja kuwa waasisi wa ushirika wa kisasa, baadhi yao walikuwa wafumaji wa vitambaa. Walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walianza na bidhaa chache mno: siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa. Walihakikisha bidhaa hizo chache ni safi na za kipimo cha haki, ndipo wakaongeza nyingine.

Hapa nchini kwetu, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Aliyepata kuokota sweta lililoachwa na mtu mwingine katikati ya mstari, bila hata alama ya kuonyesha limefika wapi, ataelewa kazi iliyowakabili wale waliovianza tena. Ndiyo sababu sisi watu wa ushirika tunashika msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na sweta lililoanzwa ni mali: ndani yake mna uzi uliolipiwa, muda uliotumika, na fedha ya mtu mwingine.

Basi, kwa idhini ya Mwenyekiti, naleta mapendekezo matano, ili vikundi viyajadili na kuyapitisha kadiri vionavyo inafaa.

La kwanza, kila mfumaji asiwe na zaidi ya kazi mbili za wateja kwa wakati mmoja, moja ya mikono na moja ya kichwa. Mteja wa tatu aandikwe katika orodha ya zamu na kuambiwa kweli tarehe ya zamu yake. Mteja aambiwaye kweli huweza kusubiri. Adanganywaye kwa vitanzi kumi hatarudi.

La pili, arabuni ya mteja inunue uzi wake wote siku ile ile, kutoka katika mabonge yenye namba moja ya rangi, na kiasi kitakachobaki kiwekwe kwa mweka hazina wa kikundi mpaka kazi ikabidhiwe. Najua agizo hili ni gumu kwa mwenye njaa. Kwa hiyo naiomba Bodi ifikirie kuwaruhusu wafumaji kukopa kiasi kidogo katika mfuko wa akiba na mikopo, ili mwenye shida akope kwa jina la mkopo, asikope kwa jina la sweta.

La tatu, maagizo ya shule yapokelewe kwa kufuata kalenda ya shamba. Agizo la Januari lihesabiwe kama kwamba lapaswa kwisha kabla mvua za Novemba hazijaanza, maana baada ya hapo mikono si yetu, ni ya jembe. Watoto wapimwe karibu na wakati, na mikono ya sweta ifumwe mwisho, ikizidishwa kidogo na kukunjwa.

La nne, kila kazi inayolazwa ifungiwe kikaratasi chenye jina la mteja, kipimo, unene wa sindano, namba ya rangi ya uzi, na mstari uliofikiwa. Katibu wa kikundi awe na daftari la kazi zilizoanzwa lenye safu mbili tu: tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Atakayeona safu ya kwanza ni ndefu na ya pili ni fupi hatahitaji hotuba yangu.

La tano, na hili ndilo nalithamini kuliko yote, kila mwezi iwepo siku moja ya kumalizia. Siku hiyo wanakikundi walete vikapu vyao, na uzi mpya usiingie mlangoni. Kila kazi iliyolala itolewe na kuamuliwa kwa njia moja katika tatu: imaliziwe, ipewe mwingine, au ifumuliwe. Kufumua si aibu. Uzi uliofumuliwa, ukaoshwa na kukaushwa ukiwa umenyoshwa, hufaa tena kwa kofia na soksi. Na kumpa mwingine ndiyo faida ya kuwa kikundi. Yupo achukiaye kufuma mikono, na yupo apendaye kwa kuwa haimsumbui kichwa. Yupo ashindwaye kuunganisha shingo, na jirani yake huimaliza kwa jioni moja. Ila angalieni jambo moja: kwa kuwa kila mtu ana namna yake ya kukaza uzi, mikono yote miwili ya sweta moja ifumwe na mtu mmoja.

Nawageukia sasa viongozi wenzangu, wa vyama vya msingi na wa Chama Kikuu. Tusicheke kikapu cha mama kwa kuwa hatushiki sindano. Meza ya ofisi nayo ni kikapu. Kuanzisha mradi kuna vigelegele, na kukata utepe kuna picha. Kupaka chokaa ukuta wa mwisho wa ghala na kufunga mahesabu ya mwaka hakuna hata kimoja. Huo ndio mkono wa pili wa sweta letu. Kama tunawataka wanachama wawe na daftari lenye safu mbili, basi na lilazwe daftari kama hilo juu ya meza ya Bodi, likasomwe wazi katika kila mkutano mkuu.

Ndugu wafumaji, masweta ya mashine na ya mitumba ni mengi masokoni, na bei yake hamwezi kuishinda. Mnachoweza kutoa nyinyi ni sweta lililopimwa kwa mwili wa mtoto mwenyewe, la rangi ya shule yake, ambalo likitoboka kiwiko mwenye kulifuma yupo kijijini kulitengeneza. Hiyo ni biashara njema, lakini ina sharti moja, kwamba siku iliyotajwa sweta liwepo, lina mikono miwili na shingo.

 Nawatakieni nyote sherehe njema, mavuno mema, na vikapu vyepesi. Mwenyezi Mungu aubariki ushirika wetu.